Mafuta ya Baba Mkwe

Kilango cha hewa kilikwama tena asubuhi ya Jumanne, na kwa ukorofi wake kilichagua siku ambayo shuka za hospitali zilikuwa zimerundikana mpaka zinaziba madirisha. Chumba cha pasi kilipakana na chumba cha kukaushia. Joto lililotakiwa kupita kwenye kilango hicho, kupanda kwenye bomba pana la bati na kutokea juu ya paa lilibaki humo humo, likazunguka, kisha likawarudia wanawake waliosimama mezani na pasi zao. Vitambaa vya kichwani vilikuwa vimelowa kabla hata ya chai. Bi Mkunjo, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna mtu katika jengo lile aliyekunja shuka kama yeye, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa na amefumba macho.

"Bi Mkunjo, uko sawa?" Mama Pacha alimuuliza.

"Niko. Mwambie mumeo mke mwenza wako amegoma kufunguka."

Wanawake wakacheka, na Mama Pacha akacheka nao maana hakuwa na la kufanya. Mke mwenza ndilo jina walilokipa kile kilango, kwa jinsi mumewe alivyokuwa akipanda ngazi kwenda kukibembeleza. Baba Pacha alikuwa fundi wa hewa pale kwenye kiwanda cha kufulia nguo. Tanuri la mvuke, mapangaboi na mabomba yote ya joto yalikuwa chini yake. Hewa ikiwa nzuri hakuna aliyemkumbuka. Ikiwa mbaya walimkumbuka yeye na mkewe pia.

Mama Pacha alitandaza shuka nyingine na kuanza kuinyoosha. Hakuliona tone jeusi lililokuwa limedondoka kutoka kwenye kiungo cha bomba juu ya meza yake, akalipitishia pasi ya moto. Harufu ikapanda usoni mwake. Mkono wake ukasimama.

Ilikuwa harufu ya mkaratusi. Aliijua harufu ile tangu hajajua kuongea. Baba yake alichanganya mafuta yake mwenyewe kwenye makopo, oili ya gari na mafuta ya taa kwa kipimo alichokijua peke yake, na mwishoni alitia matone machache ya mkaratusi ili nyumba isinuke gereji. Mama Pacha hakuwahi kumsikia mtu mwingine yeyote anayetia manukato kwenye mafuta ya mashine. Aliinua pasi, akaangalia doa lililokuwa limeenea kwa ukubwa wa kiganja, kisha akaangalia juu kwenye bomba. 

Wakati wa chakula alimkuta mumewe chumba cha tanuri, amekaa kwenye kreti na mkate mkononi.

"Umetia nini kwenye kile kilango?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

Baba Pacha aliufunga ule mkate polepole kwenye karatasi yake. "Ukiniuliza hivyo, umeshajua."

"Si wewe uliyetuhutubia mezani, mimi na watoto, mpaka chakula kikapoa? Kwamba pale panataka mafuta mepesi ya kula kutu, halafu yafutwe yote, halafu unga mweusi mkavu, ule kama wa kalamu ya risasi? Si ulisema mafuta mazito yananasa nyuzi za nguo, joto linayapika, yanakuwa lami?"

"Nilisema. Na nikaomba huo unga. Stoo wananiambia umeagizwa, wananiambia hivyo tangu mvua zilipoanza."

"Kwa hiyo ukatia ya Baba."

"Sikiliza," alisema, na akashusha sauti ingawa tanuri lilikuwa linanguruma kuliko yeye. "Baba yako alinisubiri mlangoni. Kopo kalifunika kwa kitambaa safi, ungedhani ni zawadi ya harusi. Akanishika mkono mbele ya majirani, akasema, 'Kijana, weka hii, kesho utanishukuru.' Ningemwambiaje? Baba, mafuta yako hayafai? Mtu aliyenipa binti yake?"

"Ungeyapokea ukayafungia kabatini."

"Ndivyo nilivyofanya. Jioni akaniuliza, kilango kimeyapokeaje? Nikamwambia vizuri sana. Uongo ulinikaa kooni, nikashindwa kula. Jioni ya pili akaniuliza tena. Nikaona kuliko kumdanganya mzee wa watu kila siku ya Mungu, bora niyatie kweli, ili nikisema nimeyatia niwe nimeyatia."

Mama Pacha alimtazama mtu huyu aliyemzalia watoto wawili kwa mpigo. Alitaka kumtingisha na alitaka kumkumbatia. Alishindwa kuchagua, kwa hiyo akabaki amesimama na mikono kiunoni.

Kabla hajapata neno, mlango ukafunguka. Msimamizi wa kiwanda, waliyemwita Bwana Haraka wakiwa peke yao, aliingia na foronya ameishika kwa ncha za vidole.

"Hospitali wamerudisha furushi zima. Wanasema wagonjwa hawawezi kulalia grisi. Nani alitia huu uchafu?"

"Mimi," alisema Baba Pacha.

"Mafuta gani haya?"

Mama Pacha alisubiri. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa neno la kweli.

"Ya kawaida tu, bosi. Nilikosea."

"Fundi mzima, miaka yote hii, hujui kuchagua mafuta." Bwana Haraka alitikisa kichwa. "Alhamisi wanakuja watu wa kampuni kutoka nje kukikagua. Wakikifungua wao, nitawapa kazi yote, tanuri na mabomba. Siwezi kulipa watu wawili kwa ajili ya kilango kimoja. Una leo na kesho." Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Na wewe mama, hizo shuka zilidondokewa mezani kwako. Utazifua upya baada ya saa za kazi. Njoo uzichukue."

Akamfanya avuke chumba chote cha pasi akiwa amelikumbatia furushi, madoa yametazama nje. Wanawake waliinamia meza zao. Hata Bi Mkunjo hakuwa na utani. Mama Pacha alitembea kichwa juu, lakini masikio yalimwaka kama amezabwa makofi.

Jioni baba yake, waliyeishi naye nyumba moja, alikuwa barazani na makopo yake, kama kawaida. Mtaa mzima ulimwita Mzee Makopo, na yeye alilipenda lile jina. Zamani watu walimletea vyerehani, baiskeli, mashine za kusaga. Siku hizi mikono ilimtetemeka, na kitu kikiharibika watu walikitupa. Yalikuwa yamebaki makopo tu na bawaba za milango ya majirani, alizozipitia kila wiki bila kuombwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kilango hakijambo?"

Aliuliza kwa upole, kama anayemuulizia mgonjwa. Mama Pacha alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa njia nzima, maneno ameyapanga moja moja.

"Bado kinasumbua kidogo," alisema.

"Kidogo?" Mzee alifikiri. "Basi dozi ilikuwa ndogo. Nilijua tu. Nimemtayarishia kijana kopo lingine, kubwa. Hili hapa."

Jirani aliyekuwa akipita alimpungia mkono. "Mzee Makopo! Habari za kiwandani?"

"Wananitegemea," Mzee alijibu, na akacheka kwa furaha mpaka tone likamwagika kwenye kidole gumba. Mama Pacha aliingia ndani upesi. Angekaa pale kidogo tu zaidi, angelia.

Mumewe alikuwa jikoni, anajifanya anatafuta kijiko.

"Mwambie wewe," alimnong'oneza. "Ni baba yako."

"Wewe ndiye uliyeyapokea. Ni mkwe wako."

"Mimi nikisema nitakuwa nimemkosea adabu. Wewe ukisema, ni mtoto wake."

"Ndiyo maana nikisema mimi ataumia zaidi."

 Nje Mzee alikuwa anapiga mluzi.

"Nitatafuta kazi nyingine," alisema Baba Pacha.

Hakusema kwa hasira wala kwa kutishia. Mama Pacha aliona kwamba tayari ameshalifikiria na kulikubali. Angeondoka pale kiwandani akiwa ameitwa fundi asiyejua mafuta, na kile kisa angekifungia moyoni mpaka Mzee azikwe. Ndipo hasira ilipompanda.

"Na watoto tutawapikia heshima?" alisema. "Tutaiunga na nini?"



Asubuhi mumewe alitangulia kazini. Mama Pacha aliwatoa watoto kwenda shule, akapasha pasi moto, akatandika blanketi mezani pale pale alipokaa baba yake na kikombe chake cha chai. Akatoa kwenye mkoba foronya moja yenye doa kutoka kwenye lile furushi. Alipiga moyo konde na kushusha pasi juu ya doa.

"Baba, hebu nusa."

Mzee alinusa. Uso wake ulichangamka kwanza. "Mkaratusi," alisema. Kisha akaweka kikombe chini. Akavuta foronya karibu, akalikwangua lile doa kwa ukucha. Lilikuwa limeshika nyuzi nyuzi nyeupe, limeganda kama ulimbo.

"Hii imetoka wapi?"

"Juu ya meza yangu kazini. Inadondoka kutoka kwenye kilango. Vumbi la nguo linanasa humo, joto linalipika, kilango kinaganda. Hospitali wamerudisha mzigo. Kesho wanakuja mafundi wengine, na Baba Pacha kibarua kinaota nyasi."

Alisema yote kwa pamoja, maana alijua akivuta pumzi hataendelea.

"Yeye alijua kwamba mafuta yangu hayafai pale?"

"Alijua."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, Baba."

"Na walipomuuliza?"

"Alisema ni ya kawaida tu, amekosea yeye."

Mzee alikaa akiitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, na safari hii hakuificha chini ya meza.

"Mnanionaje nyinyi?" aliuliza taratibu. "Yai? Kwamba mkinigusa nitapasuka? Nimefanya kazi ya mashine tangu huyo kijana hajazaliwa. Unadhani sijawahi kukosea? Nimekosea mpaka nimechoka. Ila zamani watu walikuwa wananiambia."

"Samahani, Baba."

"Usiniombe samahani. Unaniunguzia foronya ya watu."

Kweli, pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya kitambaa. Aliiinua haraka. Alipogeuka Mzee alikuwa ameshavaa koti lake la kutokea, lile la misibani, na anatoka. Hakusema anakwenda wapi. Mama Pacha alikunja blanketi na machozi yakimtiririka, na akaenda kazini akiwa na hakika kwamba amevunja kitu ambacho hakina gundi.

Kabla ya chakula, Baba Pacha alikuwa juu ya ngazi ndani ya chumba cha pasi. Alikuwa amefungua bati la pembeni, anasugua mhimili wa kilango kwa tambara lililolowekwa mafuta ya taa. Vipande vyeusi vilidondoka kwenye gazeti. Bwana Haraka alisimama chini yake na kuangalia saa.

"Utakisafisha, halafu? Utatia nini?"

"Bado nafikiri, bosi. Nikikiacha kikavu kutu itakishika kesho kutwa."

"Mtatia huu."

Wote wakageuka. Mzee Makopo alikuwa mlangoni, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni katika joto lile. Mkononi alishika kichupa kidogo chenye unga mweusi. Mama Pacha alikitambua. Vichupa vile vilikuwa kwa fundi wa funguo wa pale kwenye kona. Alikuwa akiupulizia ule unga kwenye makufuli yaliyokauka. Mzee na fundi funguo hawakuwa wakisalimiana, kwa sababu Mzee alikuwa amewatangazia watu kwa miaka kwamba unga ule ni wa wavivu wasiojua kupaka mafuta na kuyafuta.

"Mzee, hapa haingii mtu," alisema Bwana Haraka. "Nani kakuruhusu?"

"Sikuruhusiwa. Nimekuja kusema kwamba yale mafuta ni ya kwangu. Nimeyachanganya mimi, nikamlazimisha mkwe wangu. Yeye alijua hayafai. Aliona haya kuniambia."

Pasi zote zilikuwa zimesimama. Bwana Haraka aliangalia juu kwa fundi, akamwangalia mzee, na akacheka kwa puani.

"Kwa hiyo kiwanda changu mmekifanya mahali pa kujaribia dawa za nyumbani? Unajua hasara uliyonitia, mzee wangu? Unajua shuka ni ngapi?"

"Sijui."

"Hujui. Kaa nyumbani upumzike, mzee. Haya mambo yana wenyewe."

"Umesema kweli," alisema Mzee.

Alisimama mikono ubavuni, kama mwanafunzi anayegombezwa mbele ya darasa. Mama Pacha alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipiga hatua, lakini Bi Mkunjo akamshika kiwiko na kumzuia. "Mwache," alisema kwa sauti ya chini. "Mwache amalize mwenyewe."

Bwana Haraka alipoona hakuna anayebishana naye, aliitazama tena saa yake. Akarudi ofisini akisema ana simu ya kupiga.

Mzee akaenda chini ya ngazi na kunyoosha kichupa juu. Baba Pacha alishuka vipandio viwili ili akifikie. Macho yao yalikutana.

"Baba, umeupata wapi?"

"Kwa yule wa funguo. Amenifanya niseme tafadhali, halafu akajifanya hajasikia, nikasema tena. Usiumwage."

"Baba, mimi..."

"Panda. Mimi nitashika ngazi."

Mzee aliikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, na ngazi ikatulia. Baba Pacha alifuta mhimili mpaka bati likang'aa. Akaupulizia unga kidogo kidogo, akauzungusha mkono wa kilango kwenda na kurudi, akapulizia tena. Mara ya kwanza uligoma. Kisha ukaenda, kwa sauti ya bati kugusa bati, na juu ya vichwa vyao bomba likaanza kuvuma. Nywele zilizotoka kwenye kitambaa cha Mama Pacha zikapepea.

"Mke mwenza amekubali," alisema Bi Mkunjo, na akainuka kwenye ndoo yake.

Bwana Haraka alirudi, akasimama chini ya bomba, akaunyoosha mkono kuipima hewa. Alisema ataahirisha ukaguzi wa ile kampuni na kuona mambo yatakavyokuwa mwezi huu. Hakusema asante kwa mtu, na shuka zenye madoa hakuzifuta kwenye hesabu ya Mama Pacha. Jioni alizifua zote mwenyewe kwa sabuni ya mche, na mumewe akamsaidia kukamua.

Mzee aliyafunika makopo yake kwa gunia. Hakukiulizia kilango tena. Asubuhi alikaa barazani mikono imetulia mapajani, na majirani wakimuuliza habari za kiwandani alijibu nzuri, basi. Baba Pacha alipita mbele yake akienda kazini na kumwamkia, naye aliitikia bila kinyongo na bila mazungumzo. Nyumba ikawa ya kutembelea vidole.

Kisha mlango wa mbele ukaanza kulia. Ulikuwa haujawahi kulia tangu wahamie, na sasa kila aliyeingia au kutoka aliutoa sauti ya mbuzi aliyebanwa. Watoto walikatazwa wasicheke. Mama Pacha alijifunza kuufungua nusu na kupita kwa ubavu. Hakuna aliyetaja mafuta.

Jioni moja walikuwa mezani, watoto wakauchezea ule mlango mara moja zaidi ya uvumilivu wa Mama Pacha. Aliweka kijiko chini.

"Baba, mlango unalia."

Mzee aliendelea kutafuna. Alimeza, akanywa maji.

"Muulize fundi," alisema.

Baba Pacha aligeuka kuangalia kama kuna mtu ameingia. Miaka yote aliyoishi na mkwewe aliitwa kijana, mbele ya wageni na nyuma yao. Hakuna aliyekuwa ameingia.

"Bawaba hazina joto, Baba, wala hakuna nyuzi," alisema taratibu. "Pale panataka mafuta yako."

"Usinionee huruma."

"Sikuonei. Unga pale ungedondoka wote baada ya siku mbili."

"Una hakika?"

"Nina hakika." Baba Pacha alisita, akamtazama mkewe, kisha akamtazama Mzee machoni. "Ila upunguze kidogo. Huwa unatia mengi, yanachuruzika mpaka sakafuni. Mwanao amesugua ile sakafu tangu tuhamie."

 Mzee aliiangalia sakafu karibu na mlango, palipokuwa na alama ya zamani, ya kahawia.

"Mbona siku zote hukusema?"

"Nimesema leo."

Mzee aliinuka. Walimsikia akiondoa gunia barazani na makopo yakigongana. Alirudi na dogo kuliko yote, akachovya kijiti, na harufu ya mkaratusi ikajaa chumbani. Alitia tone moja juu na tone moja chini. Mkono ulimtetemeka, yakazidi kidogo, naye akainama na kuyafuta yaliyozidi kwa pembe ya leso yake. Kisha akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, na wote wakatega sikio: haukulia.